Aya ya Tano, Mbele ya Mtoto

Bungoma, 3 Julai 2006

Kaka Jotham,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mahindi yamesimama vizuri, na kifua cha mume wangu Idrisa kimepona. Wifi Rispah hajambo? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Jambo ni la mwanangu Yusufu. Mwezi ujao anatahiriwa. Atakatwa hospitalini, baba yake ametaka hivyo, lakini mimi ni Mbukusu na mtoto wangu hatatahiriwa bila mjomba. Jumamosi tarehe tano Agosti atakuja kwako na njuga zake, umchinjie ng'ombe, umvishe likhoni, ile nyama ya kifua, shingoni, umbariki, arudi nayo huku tuipike. Ombi langu ni moja: Idrisa ndiye ashike kisu. Ng'ombe wako, ua wako, baraka zako. Kisu tu. Asipochinja Mwislamu, wakwe zangu hawatakula.

La pili linaniuma. Kwenye mhadhara wenu wa Wakristo na Waislamu pale Kitale ulisema Waislamu wa kwanza hawakujua ila upanga. Idrisa akasimama akakuuliza: na wale walioteswa Makka wakakimbilia Habasha kwa mfalme Mkristo? Ukajibu ati hizo ni hadithi za kulaza watoto. Watu wakamcheka. Kaka, si ni wewe uliyenisimulia habari hiyo? Baba alipokataa posa ya Idrisa ulimwambia mbele yangu, "Mfalme Mkristo aliwapa hifadhi watu hawa, wewe unamfungia mlango mmoja?" Mimi nimeolewa kwa habari hiyo.

Dada yako,
Nabwile

Saboti, 11 Julai 2006

Dada yangu Nabwile,

Tuko wazima. Rispah anakusalimu, analalamikia magoti tu.

Sasa sikiliza. Mhadhara si darasa. Habari ya Habasha naijua kuliko Idrisa. Maquraishi wa Makka walituma wajumbe na zawadi ili wakimbizi warudishwe. Mfalme akasema atawasikia kwanza. Jaafar, msemaji wa wakimbizi, akamsomea habari za Mariamu, mfalme akalia mpaka ndevu zikalowa, akakataa kuwatoa. Yote nimeyasoma. Lakini nikiyasema pale, upande wangu utaniuliza nimesimama kwa nani. Na Idrisa naye, hajui nyumbani kwangu? Swali kama hilo mtu hamwulizi shemeji yake mbele ya spika!

Kuhusu kisu, sipendi, na sitajifanya napenda. Ila kwa ajili ya mtoto, sawa. Nitamngoja Idrisa. Hilo ni neno langu.

Kaka yako,
Jotham

Bungoma, 9 Agosti 2006

Kaka,

Yusufu alikatwa Jumatatu. Anaendelea vizuri. Salamu zangu zinaishia hapo.

Tulifika kwako tukiimba, na ng'ombe alikuwa ameshachunwa. Wazee wa kanisa lako wamekaa kwenye viti, nawe una Kurani mkononi, ukurasa umeukunja. Ukamvisha mtoto likhoni haraka haraka, ukamgeukia baba yake. "Shemeji, karibu! Sura ya tano, aya ya tano: chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu. Mimi nimepewa Kitabu. Kula leo, au ukatae Kurani yako!" Wazee wakapiga makofi. Idrisa akasema, "Jotham, ulisema utaningoja." Ukamjibu, "Jibu aya, bana. Mambo ya kungoja baadaye."

Mwanangu alikuwa amesimama katikati yenu, damu ikimtiririka tumboni, akingoja umbariki. Uliendelea kubishana mpaka nzi wakamjaa. Hukumbariki. Ulisahau.

Njiani nilitaka kumvua. Idrisa akanizuia. "Ni nyama ya mjomba wake, mwache afike nayo." Akafika nayo. Wakwe zangu walikuwa wameshawasha moto. Wakauzima. Nyama ya kwetu nimeizika mwenyewe nyuma ya migomba, kama mzoga.

Usinipigie.

Mama Yusufu

Saboti, 20 Septemba 2006

Dada yangu,

Nimeona haya hata kukuuliza afya.

Aya ile niliisoma sawasawa. Hata leo naweza kuitetea mbele ya sheikh yeyote, na hapo ndipo aibu yangu inapokaa. Wazee walinipongeza mpaka wakaondoka. Tulipokuwa tukikunja viti Rispah akaniuliza, "Na mtoto ulimbariki saa ngapi?" Mimi, ambaye sikosi jibu, nilikikunjua kiti nilichokwisha kukikunja.

Jumapili iliyopita nilipanda jukwaani Kitale nikaisimulia Habasha yote, bila kuruka kitu. Watu wa upande wangu wakaguna. Mmoja akapaza sauti, "Umesilimu lini, mwalimu?" Mwenyekiti akaninyang'anya maikrofoni. Waislamu wakanishangilia, nami, Nabwile, nikafurahi. Nilifurahia makofi! Kisha nikaangalia umati: Idrisa hayupo, Yusufu hayupo. Nilikuwa natubu kwa watu ambao sikuwakosea, na kwa spika.

Nina ng'ombe mwingine, mzima. Nitamleta Bungoma, Idrisa amchinje, nami nimvishe mtoto likhoni na kumbariki. Sitabishana na mtu.

Kaka yako,
Jotham

Saboti, 30 Oktoba 2006

Dada,

Hujajibu, na sikulaumu. Natumaini mko salama. Ng'ombe bado namtunza.

Jotham

Bungoma, 12 Desemba 2006

Kaka Jotham,

Sisi wazima. Yusufu amepona na ameongeza kimo. Mpe Rispah pole ya magoti.

Likhoni haivishwi mara mbili, unajua hilo kuliko mimi. Jumapili ile, kabla ya hospitali, nilimwita Hillary wa Mabanga, mtoto wa baba mdogo. Alimwekea Yusufu mkono kichwani akamtamkia maneno yote ya kwetu. Hukuuliza, sikukwambia. Siku Yusufu akioa, Hillary ndiye atakayeitwa kama mjomba. Nafasi hiyo imejaa.

Ng'ombe mwache Saboti. Wewe njoo Jumamosi, kama mgeni. Idrisa ndiye aliyesema uje, mimi nilikuwa bado.

Yusufu atakusalimia kwa mkono na kukuletea chai. Lakini hatakuita mjomba. Nimemwomba, amekataa, nami sitamlazimisha. Ameniuliza basi akuite nani.

Nabwile