Nilivyosimulia Habari za Wakili Burdick Makaburini

Hopkins, Minnesota
Mwisho wa Novemba

Dada yangu mpendwa Keziah,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba goti la mama limeacha kumsumbua. Mimi mwili ni mzima. Najua umeniuliza zaidi ya mara moja kama nakubali kaburi la baba lijengewe saruji kabla ya Krismasi, nami nikanyamaza. Nivumilie, jibu linakuja, ila linapitia njia ya mbali.

Unamkumbuka Bibi Lois, yule mzungu niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake Eden Prairie? Alifariki juma lililopita. Hakuolewa, hakuacha mtoto wala ndugu. Alichokuwa nacho ni babu wa baba yake, wakili Asahel Burdick, ambaye picha yake ilining'inia sebuleni amenuna kama mgeni aliyenyimwa chai. Kila asubuhi nikimlisha uji, bibi alinisimulia upya maisha ya mzee huyo. Mwanzoni nilichoka. Baadaye nikagundua kwamba ndiyo mazungumzo pekee niliyokuwa nayo kutwa, maana hapa kila mtu yumo ndani ya gari lake, na majirani zangu nawajua kwa milango yao tu. Upweke wa huku, dada, hauna mfano.

Mazishini tulikuwa mchungaji, wachimbaji wawili na mimi. Mchungaji hakumjua marehemu. Alisoma zaburi, akafunga kitabu, akasema sasa tunaweza kwenda. Lakini mimi ni Mbukusu. Kwetu mtu hafukiwi kama mbegu ya mahindi, bila kusemwa alitoka wapi na katika watu gani. Nikaomba ruhusa, nikasimama kwenye theluji na viatu vyangu vya kazini.

Nikaeleza jinsi Burdick alivyopanda Mto Mississippi kwa meli ya mvuke mpaka Saint Paul, kijana asiye na mbele wala nyuma. Alijisomea sheria kwa vitabu vya kuazima. Kesi yake ya kwanza alimtetea mjane mfua nguo aliyenyang'anywa ng'ombe, akashinda. Watu wakampenda, wakamchagua aingie bunge la jimbo, kisha seneti. Wenye reli walipotaka mashamba ya wakulima, chama chake kilimtaka ainue mkono kuwaunga, naye akaukalia huo mkono. Uchaguzi uliofuata wakamwangusha.

Hapo ndipo ulimi uliponiponyoka. Nikasema mzee alirudi nyumbani akaketi kwenye kigoda mlangoni akingoja wageni ambao hawakuja tena, kwa sababu akiwa diwani alikataa uwanja wa soko uuzwe. Nikasema alirudia shamba lake la kahawa. Nikasema aliugua kifua, na kwamba siku alipozikwa kitindamimba wake alikuwa ng'ambo, akatazama kwenye simu jeneza likishuka, akiwa ndani ya gari lililoegeshwa, kisha akapangusa uso akaingia kazini.

Hakuna aliyenikatiza. Mchungaji aliitikia amina, na baadaye akaniambia hakujua kwamba Minnesota iliwahi kulima kahawa.

Keziah, sikuwa nimemlilia baba. Najua mlisema Marekani imenikausha. Siku ile nililia kwa sauti mpaka mchimbaji mmoja akanivua kofia yenye theluji na kunivika yake. Nilipotaka kutupa udongo, niliokota bonge lililoganda, likagonga jeneza kwa kishindo. Nilimwonea bibi huruma.

Basi jibu langu ni hili: msilijengee. Mwambieni fundi Duncan asubiri. Makaratasi ya uhamiaji niliyokuwa nikiyangoja baba alipozikwa yametoka, nami nimekata tiketi ya Januari. Niachieni udongo wa baba ukiwa laini, niutie kwa mkono wangu, na niseme habari zake mbele ya watu, safari hii kwa jina lake.

Mbusu mama kwa niaba yangu, na watoto waambie mjomba wao bado anajua njia ya Kimilili.

Ni mimi mdogo wako,
Jotham Wanjala