Kobe Mwenye Tundu Kwenye Gamba

Barrio Anita,
Tucson, Arizona.
27 Aprili, 2014

Mpendwa dada Ofelia,

Hujambo? Baridi ya huko Duluth bado haijakumaliza? Na mgongo wako je? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo, ila mdomo wake haujambo kabisa.

Dada, nina jambo linanikereketa. Jumapili nilimpeleka Mama kwenye makumbusho ya jangwani akaone maua ya mipungate. Alitazama kila kitu, mwewe na nguruwe-mwitu. Tulipokaribia boma la makobe, ghafla miguu ikamuuma, eti turudi. Mama huyu anayepanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta! Nikamkalisha kivulini, nikaenda peke yangu.

Filomeno, kobe wetu aliyepotea, alikuwa mle, anatafuna ua la njano. Usiniambie kobe ni kobe. Nyuma ya gamba, ukingoni, lipo tundu alilotoboa Baba ili apitishe waya wa kumfungia.

Unakumbuka alipopotea, marehemu Baba alivyosimama uani akimwita Don Hilario mwizi, mtaa mzima ukisikia. Miaka tisa hatumsalimii jirani yule. Baba kaingia kaburini bila kumpa mkono.

Nilimuuliza mhudumu kobe huyo alitoka wapi. Akasema aliletwa na mama mmoja, kamfunga kwenye shali, analia.

Nikarudi kwa Mama. "Filomeno yumo mle."

"Makobe wote sura moja."

"Na tundu?"

Akanifokea: "Baba yako aliapa kumpasua kwa sururu, eti anachimba chini ya ukuta. Ulitaka nimpike supu?"

"Na Don Hilario je? Ukamwacha aitwe mwizi?"

"Hilario ana kifua," akasema, akageuza uso.

Sikulala vizuri. Jana nilipika tamales, nikazifunga unga wa mahindi na nyama kwenye maganda kama afanyavyo Mama, nikampelekea Don Hilario sahani nimwombe radhi kwa niaba yetu sote. Mzee akacheka mpaka akashika kiti. "Binti yangu, gari niliendesha mimi! Mama yako aliniomba ninyamaze, nikanyamaza."

Miaka tisa, dada! Mtu anatukanwa mbele ya wanawe, anameza, kisa jirani kamwomba? Nikamuuliza kwa nini. Alifungua tamal moja, akaonja, akatikisa kichwa: "Hizi hakupika mama yako Eduviges."

Tangu ugomvi ule hakuna sahani iliyotoka kwetu kwenda kwake, wala yeye hajakanyaga kwetu. Walau ndivyo nilivyodhani. Sasa ladha ya mkono wa Mama anaikumbukia wapi? Na kwa nini kila Alhamisi, nikiwa kazini, sufuria kubwa huoshwa kabla sijarudi, na chakula chenyewe sikioni?

Mimi nimeshindwa kumuuliza. Nikimtazama, anaimba. Wewe ndiye mkubwa, mpigie simu.

Nisalimie shemeji Gustavo na mapacha. Shangazi Librada anakukumbuka. Bikira wa Guadalupe awafunike kwa vazi lake.

Mdogo wako, anayekupenda hata akiwa na wasiwasi,
Chayo