Lima Mbili za Shee

Shee, ndugu yangu,

Nina ugomvi nawe, na huna pa kunijibia. Kitanda chako hapa International City, Dubai, kilipata mtu kabla shuka zako hazijakauka. Ni Mganda, mlinzi, mstaarabu. Lakini kila nikipita na chai naona ni wewe, umegeukia ukuta, unanong'ona Kihispania.

Madam wako wa Al Twar, tajiri wako, alikwambia Lima kwao ilijengwa na Wahispania walipoitawala Peru. Akakufundisha lugha yake humo humo garini ukimwendesha, na mashairi juu. Moja liliusifu mji: roshani za mbao, kengele, wanawake waliojitanda wakabakiza jicho, kama bibi zetu; likaishia kwa swali. La pili ulilitafuta mwenyewe. Mji uleule, ila mvua hainyeshi, na chini ya kila ua wamelala waliobeba mawe. Madam akasema, "Khalas, Shee, hilo kasome kwako."

Ukayafasiri yote mawili, la pili likilijibu la kwanza, kama malenga wa Lamu wanavyojibizana. Watunzi wenyewe wa Lima hata hawakujuana. Nikakuuliza nani atanunua. Ukacheka: "Wewe kila kitu unakipigia hesabu ya kontena." Ukanirekodia yote kwenye simu.

Baada ya hitma yako mama alinipigia toka nyumbani, akaniomba sauti yako. Nikapiga hesabu yangu. Mama ana presha, mwanawe karudi ndani ya sanduku. Akisikia mji unaomeza walioujenga atadhani ni Dubai, atadhani ndivyo ulivyoishi. Nikamtumia la sifa tu.

Asubuhi akapiga. "Nimesikia. Na jawabu lake li wapi?"

Nikasema hakuna.

"Mwanangu hamalizi shairi kwa swali akaondoka. Nani kakutuma unipimie uchungu wangu?"

 Tangu siku hiyo, hata ndani ya metro ya Rashidiya, watu wamenibana kila upande, nasikia ubeti wako wa mwisho unauliza. Nazima simu. Bado unauliza. Mbona uliniachia mimi, mtu wa mizigo, kazi hii?

Haya. Nimekata tiketi ya nyumbani. Simtumii kwa simu. Nitakaa naye mkekani, nimshike mkono, alisikie la pili lote. Akiniuliza mji gani huo, nitasema Lima. Akiniuliza tena, nitamwambia tulivyoishi.

Buriani, Shee. Mama hatalisikia peke yake.

Nduguyo,
Athmani