Mzimu Unaogonga Ukuta

Uingereza, 6 Novemba 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni nyinyi hapo Kariakoo. Barua hii naituma kwa simu ikufikie upesi.

Mama, nataka kurudi. Baa ya kijijini ninakopika ni ya kale, na watu wanasema ina mizimu. Kuna bibi wa gauni la kijivu kwenye ngazi, na mwendesha gari la farasi anayegonga ukuta. Mwenye baa huwasimulia wageni, bia zikauzika. Nilikuwa nacheka, mpaka leo mchana nimejipumzisha chumbani kwangu juu ya baa, ukuta ukagongwa. Nikashuka mbio bila viatu. Wageni wakapiga makofi.

Kazi siiwezi.

Mwanao,
Hajira

Kariakoo, 6 Novemba

Mwanangu Hajira,

Marahaba. Sisi wazima, ila Bi Chiku wa chumba cha pili analalamika magoti.

Nilikwambia mapema, baa ni baa, ukanicheka. Ukitaka kurudi, kitanda chako kipo. Lakini uliitikia? Bi Chiku akigonga ukuta, nami nagonga, ndiyo namuuliza kulikoni. Anayebisha hodi hanyamaziwi, hata awe jini. Wa kuogopa ni anayeingia kimya kimya. Soma Ayatul Kursiy, kisha itikia.

Mama yako

7 Novemba

Mama,

Shikamoo. Umeamkaje? Mimi leo nina furaha.

Ukuta umegongwa tena. Nikasoma, nikagonga, na kwa woga Kiingereza kikanitoka chote kichwani, nikaita, "Karibu!" Ikajibu sauti ya mtu, imekauka. Ni mzee Allen, jirani yetu, nyumba yake imeshikana na baa. Alianguka jana akavunjika nyonga, akawa anagonga kwa fimbo. Watu walimsikia, wakaagiza bia nyingine.

Yuko hospitali, atapona. Sirudi tena. Huyo bibi wa ngazini tutaelewana, zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Hajira wako

8 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, na Alhamdulillahi. Bi Chiku kapiga vigelegele mpaka kasahau magoti.

Ila mimi sikulala. Watu walisikia, wakacheka. Ukianguka wewe huko peke yako, nani ataitikia?

Mama yako

19 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Habari za hapo? Magoti ya Bi Chiku je?

Mzee Allen karudi, anatembelea mkongojo. Kila asubuhi mimi nagonga ukuta, naye anagonga. Juzi nilishikwa na homa, sikugonga. Nikasikia mtu anapanda ngazi, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Nikajua leo ni leo, bibi wa kijivu kaja. Kumbe ni mzee, kapanda ngazi zote na mkongojo wake, jasho linamtoka. Akagonga mlango akasema kwa sauti kubwa, "Karibu!" Anadhani ndivyo tunavyobisha hodi.

Sikumsahihisha.

Mwanao,
Hajira

Kariakoo, 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Pole na homa, kunywa tangawizi.

Usimsahihishe. Tangu Novemba nilikuwa nalala jicho moja liko macho. Leo nafumba yote mawili.

Mama yako