Rivolva Iliyokataa Kulia

Jumatatu, 4 Machi

Polisi wamenirudishia rivolva. Kibali kiko sawa, ila niitengeneze kabla haijarudi dukani, ama niisalimishe. Nimeileta nyumbani kwenye kikapu, chini ya vitunguu. Sonara mzima natembea kama mwizi.

Baba bado yuko hospitali. Jicho la kushoto ndiyo basi tena — daktari hakuzunguka. Nikifumba macho narudi pale pale. Jambazi kasimama mbele ya kaunta, anataka sefu. Nikatoa bastola, nikavuta triga. Tak. Nikavuta tena. Tak. Baba akamrukia mikono mitupu, akapigwa nondo ya uso.

Mume wangu anasema niachane nayo, mkweche ule. Hapana. Nataka kujua kwa nini imenitosa.

Jumatano, 6 Machi

Fundi wa kwanza: kufuli na funguo, mdomo mwingi. Kaitazama, kashika koleo. Nimeinyakua nikaondoka.

Wa pili ni muuza bunduki za uwindaji. Huyu angalau mkweli. Hizi za zamani hagusi, spea hazipo. Kasema amebaki mama mmoja tu anayeziweza, alikuwa kwenye ghala la silaha jeshini, wanamwita Afande. Akishindwa Afande, niiyeyushe.

Jioni nimemsimulia mume wangu. Kauliza: "Yule mama si alishaacha kazi?"

Sikumbuki kumwambia kwamba ni mwanamke. Labda nilisema. Nimechoka.

Ijumaa, 8 Machi

Baba karudi. Mume wangu kamwogesha, kamnyoa, kamkatia kucha. Mimi nilisimama mlangoni na taulo. Wangapi wanafanyiwa hivi na mkwe?

Jumamosi, 9 Machi

Nimetoka kwa Afande.

Karakana ya Afande iko nyuma ya nyumba yake. Kibali ukutani, vifaa vimepangwa kwa ukubwa, sakafu imefagiliwa. Mama mnene, miwani imening'inia kifuani. Kaifungua bastola bila haraka, kainua nyundo ya ndani yenye pini kwenye mwanga. Kisha akaiweka mezani.

"Wewe ndiye mke?"

Nikamuuliza mke wa nani.

Kavuta kiti akaniambia nikae. Mwaka jana mwanaume alimletea bastola hii hii. Mpole, sauti ya chini. Mkewe kafiwa na mtoto mchanga, halali, anakaa anaitazama droo yenye silaha. Akaomba iuliwe kimyakimya, mwenyewe asijue. Akipona, angeirudisha itengenezwe.

"Pini inayogonga risasi niliipiga tupa mimi mwenyewe," kasema. "Ikawa fupi, haifiki. Nilijua nakuokoa, mwanangu. Yeye hakurudi tena."

Nilikuwa nalia, ndiyo. Silali, ndiyo. Mwanangu amekufa, walitaka nicheke? Lakini kujiua sikuwaza hata siku moja. Na hakuna aliyeniuliza.

Kila asubuhi mume wangu alikuwa ananikabidhi bastola kwa mkono wake. "Silaha yako hiyo, mke wangu. Uwe salama." Kila asubuhi. Akiniangalia machoni.

Afande anaweza kuchonga pini nyingine. Nikamwambia achonge. Akavaa miwani, akanitazama.

"Siku hizi unalala?"

Hata yeye.

Jumapili, 10 Machi

Nimemngoja amalize kuosha vyombo. Nikamwambia nimetoka kwa Afande, na Afande anamkumbuka.

Hakubisha. Kakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono inachuruzika maji. Aliogopa, anasema. Alikuwa akiamka ananikuta nimekaa gizani. Nikamuuliza, na nilipoanza kula, kucheka, kurudi kazini? Mbona hukusema?

"Ningeanzaje? Kila nikitaka kusema, ilikuwa nimeshachelewa."

"Nilimwelekezea jambazi chuma kitupu."

"Najua."

"Baba amepoteza jicho kwa ajili yako."

Hapo ndipo akainua uso. Akasema polepole, kama anayemwaga kitu asichotaka kimwagike: "Baba ndiye aliyenituma kwa Afande."

Nimekaa chini. Sakafu ilikuwa na maji, nikakaa hivyo hivyo. Kumbe Baba alipomrukia yule mtu alikuwa anajua. Pale dukani, mimi peke yangu ndiye niliyedhani nina silaha.

Sijui Baba nimkumbatie au nisimtazame tena. Nyumba nzima walinijadili, wakanipima, wakaniamulia. Kisha wakanipakulia chakula.

Baba kaita kutoka chumbani. Anauliza fundi amesemaje.

Sikuitika. Mume wangu kanitazama, anasubiri ruhusa. Sikumpa. Kafuta mikono kwenye suruali, akaenda.

Niko hapa mezani, gauni limelowa. Mlango wameurudishia. Nilidhani nitasikia kelele, au kilio. Wananong'ona.