Beji Niliyoivua kwa Ajili ya Lupaso

Mkomaindo, Masasi
20 Agosti 1944

Mpendwa Kaka Bartholomayo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko vitani Bama, na ule mguu uliovimba umepona. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini shambani anatutangulia wote.

Barua yako kwa Mama ilifika. Mimi ndiye niliyemsomea, maana nani mwingine nyumbani anajua kusoma? Basi nikajisomea mwenyewe, kwa sauti, kwamba mdogo wako amejificha nyuma ya bandeji. Iliniuma, kaka. Siku ulipojiandikisha, jina langu lilikuwa la tatu chini ya lako. Daktari ndiye aliyelikata, akasema dresa, mfunga vidonda wa hospitali kama mimi, akienda vitani, hapa atachanja nani.

Mwezi wa sita serikali ilituletea beji sisi tuliojitolea tukabakizwa kazini. Ni ya shaba, inang'aa. Nilifurahi mno, sifichi. Nikaichomeka kifuani, nikapanda baiskeli kwenda Lupaso kuchanja watoto, maana ndui ilikwisha kuingia kijiji jirani.

Walioiona kwa mbali wakapiga yowe kwamba wale wenye beji wanaokamata watu kwa kazi ya mashamba ya mkonge wamekuja. Nilipofika, kijiji kizima kilikuwa porini. Kwa Shemeji Julia uji ulikuwa unachemka jikoni, mwenyewe hayupo, wala mwanao Lois. Niliita mpaka koo likakauka. Nikarudi na dawa yangu, nikiogopa isije ikaharibika kwa joto.

Kesho yake nilikwenda tena, beji nimeiacha nyumbani. Mzee Ambrosi akacheka, "Kumbe ni wewe, Cecil! Jana tumeshinda na siafu kwa ajili yako." Nilichanja watoto arobaini na mmoja. Lois alinipiga teke la kidevu, ndipo akalia. Amekurithi.

Kijiji jirani wamezika watoto sita. Lupaso hawajazika hata mmoja.

Beji nimempa Mama. Ameifunga kwenye pindo la kanga, pamoja na barua yako ile. Najua ukirudi atakuonyesha vyote viwili. Usianze na hivyo, kaka. Anza na mkono wa kushoto wa Lois, utazame kovu lake.

Shemeji Julia anakusalimu sana, na Mzee Ambrosi, na Padri Reginald anayekuombea kila Jumapili. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe kwetu mzima.

Mdogo wako akupendaye, yule wa bandeji,
Cecil