Barua za Mama wa Kale na Barua Yako

Mama Monika,

Hujambo na wote hapo Mungaa? Mimi mzima, jicho limeanza kuona. Naandika mwenyewe kwa penseli. Hapa Iguguno hakuna mzee mwingine anayeweza.

Sista wa zahanati hutusomea sisi wagonjwa barua za mama mmoja wa Ulaya, wa zamani sana kabla ya babu wa babu zetu. Mama huyo aliona nuru ya Mungu, akawakaripia wafalme kwa barua. Nikauliza, "Sista, aliandika kwa mkono wake?"

"Hapana, mzee. Yeye alisema, padri akaandika."

"Na nani alihakikisha padri hakutia maneno yake?"

Sista akacheka. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo."

Wagonjwa wenzangu wangeuliza saa ngapi, wamelala tu.

Sasa barua yako. Mwalimu wa dini anayekuandikia ameandika kwamba umekubali Monika aolewe na mdogo wake yeye mwalimu, na kwamba umesema, "moyo wangu unabubujika shukrani." Mke wangu, miaka yote hii sijakusikia ukibubujika. Ukipenda jambo unasema "haya," unaendelea kutwanga.

Kwa hiyo sijakubali. Njoo na Monika mniambie kwa midomo yenu. Akimtaka kijana, nitaitikia hapo hapo. Nimekuwekea asali, na nimekukumbuka.

Nawe mwalimu unayemsomea, usiruke mstari. Mama Monika atafuata kwa kidole, na kuhesabu anajua.

Baba Monika